Gemu Ing'ae kwenye Flat: Mwongozo Kamili kuanzia PS2 hadi PS5

Rafiki yangu mmoja ana banda la gemu Mbagala. Alipouza TV zake za chogo na kununua flat nne za inchi 43, wateja wake wa siku zote walianza kulalamika kabla wiki haijaisha. Kwenye PS2 nyasi za uwanja zilionekana kama rangi ya kijani iliyopakwa kwa kidole, na namba za mgongoni hazikusomeka. Kwenye PS4 picha ilikuwa safi, lakini vijana walisema padi zinachelewa: unabonyeza kupiga, mpira unatoka mguuni beki akishafika. Akabadilisha padi mara mbili, na malalamiko yakabaki yaleyale.

Jumapili moja nilikaa naye saa tatu nzima, rimoti mkononi. Tulichonunua ni nyaya mbili tu. Kasoro nyingine zote zilikuwa ndani ya TV zenyewe, kwa sababu flat ya kisasa haionyeshi picha kama ilivyoletwa. Huivuta, huilainisha, huikoleza rangi na kuitungia fremu za ziada (fremu ni picha mojamoja zinazofuatana haraka hadi zionekane kama mwendo), ndipo ikuonyeshe. Kwa tamthilia hilo halina neno, kwa gemu ni balaa. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni mbili: kuifikishia TV picha bora ambayo mashine yako inaweza kuitoa, halafu kuizuia TV isiichezee.

Fuata mpangilio huu huu. Ukianza na rangi kabla ya waya, utarudia kazi.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inatoa nini

Kila mashine ina kikomo chake, na hakuna waya wala kisanduku kitakachoongeza kitu ambacho mashine haikukichora. Ukubwa wa picha huhesabiwa kwa mistari ya kulala: 480, 576, 720, 1080, 2160. Herufi inayofuata namba ina uzito kuliko watu wanavyodhani. "i" maana yake mistari inaletwa kwa zamu, ya witiri kwanza kisha ya shufwa. "p" maana yake mistari yote inakuja kwa mkupuo mmoja. TV ya chogo iliumbwa kwa ajili ya "i". Flat haiwezi kuchora kwa zamu, hivyo ikiletewa "i" inabidi iyasubiri mafungu mawili na kuyaunganisha yenyewe. Ukungu na ucheleweshaji wa PS2 kwenye flat huanzia hapo.

PS1, iliyotoka mwaka 1994, na ndugu zake wa zamani kama Mega Drive na Super Nintendo, kwa kawaida huchora mistari 240 hivi. PS2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, nayo hutoa 480i kwa diski za Marekani na Japani, na 576i kwa diski za mfumo wa PAL. PAL ndiyo mfumo uliokuwa ukitumika kwenye TV za Tanzania na Kenya. Wii haivuki 480p. Xbox 360 ya mwaka 2005 na PS3 ya mwaka 2006 ndizo zilizofungua mlango wa HD, ingawa gemu zao nyingi huchorwa kwa 720p. PS4 ya mwaka 2013 ni mashine ya 1080p. Switch ikiwa kwenye kituo chake inafika 1080p. PS4 Pro, Xbox One X, PS5 na Xbox Series X ni miongoni mwa zile za 4K.

Hatua ya 2: Jua kioo chako kina pikseli ngapi

Kilichoandikwa kwenye boksi si lazima kiwe kilichomo kwenye kioo. Flat nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwetu zina kioo cha pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1366 kwa 768, hata kama stika inasema HD kwa maandishi makubwa na TV yenyewe inakubali kupokea 1080p. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160. Tafuta namba ya modeli mgongoni mwa TV, kisha uisome kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kwa nini tuhangaike na hili? Angalia hesabu. Hata tukiipa PS2 pikseli 640 kwa 480 kamili, hizo ni 307,200. Kioo cha 4K kina 8,294,400, yaani mara 27. Kwa kila pikseli moja iliyoletwa na PS2, TV inatunga nyingine 26. Ndiyo maana mtu akinunua TV kubwa zaidi na ghali zaidi akitarajia PS2 yake ing'ae, mara nyingi hupata kinyume chake. Kwa PS4 mambo ni mepesi: 1080 ikizidishwa mara mbili inakuwa 2160 bila baki, hivyo 4K huibeba vizuri sana.

Hatua ya 3: PS2, mgonjwa wetu mkuu

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu PS2 bado ni mashine ya watu. Gemu ya soka ya PES 2014 ilitolewa kwa PS2 mwishoni mwa mwaka 2013, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa, na hadi leo kuna mabanda na sebule ambako ndiyo mashine pekee.

Waya uliokuja nayo ni ule wa rangi tatu: njano, nyekundu, nyeupe. Picha yote hupita kwenye njano peke yake. Mwanga na rangi hubanwa humo pamoja kama abiria wa daladala ya saa kumi na moja jioni, na wakishuka mwisho wa safari wamechanganyika. Mstari mwekundu unavuja pembeni, maandishi madogo yanatetemeka, nyavu za goli zinaota rangi za upinde wa mvua. Kwenye kioo kidogo cha chogo hukuliona hilo. Kwenye inchi 43 linakukodolea macho.

Dawa ya kwanza ni waya wa vichwa vitano, ambao mafundi huuita komponenti. Una kijani, bluu na nyekundu kwa picha, kisha nyekundu na nyeupe kwa sauti. Kila sehemu ya picha inapata njia yake. Angalia vizuri: kuna vichwa viwili vyekundu, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Chekundu kilichofungwa pamoja na kijani na bluu ni cha picha. Kilichofungwa pamoja na cheupe ni cha sauti. Ukivibadilisha, picha itakosa wekundu na spika itanguruma. Waya huohuo unaingia kwenye PS3 pia, kwa kuwa Sony walitumia kichwa cha aina moja kuanzia PS1 hadi PS3.

Hatua za kuunga:

1. Zima PS2 kabisa kwa swichi ya nyuma kama ni ile nene. Kama ni nyembamba, chomoa waya wa umeme. Zima na TV.
2. Tafuta matundu ya kijani, bluu na nyekundu nyuma ya TV. Kwenye TV nyingi tundu la kijani limechangiwa na la njano, rangi mbili zimezunguka tundu moja. Hapo chomeka kijani, kisha uchague komponenti kwenye orodha ya rimoti, usichague AV.
3. Washa PS2 bila diski. Ingia "System Configuration", kisha "Component Video Out", uchague "Y Cb/Pb Cr/Pr". Ikibaki kwenye "RGB" rangi zote zitakuwa vioja na kijani kitatawala kioo. Wengi huurudisha waya dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni mstari huu mmoja wa menyu.
4. Weka diski. Gemu nyingi za PAL huuliza mwanzoni kama unataka 50Hz au 60Hz, yaani picha ichorwe mara 50 au 60 kwa sekunde. Chagua 60Hz. Flat zinazouzwa leo huipokea bila shida, mwendo unakuwa laini zaidi, na zile gemu ambazo kwa 50Hz zilipunguzwa kasi hurudi kwenye mwendo wake halali.

Sasa ladha ya ziada. Baadhi ya gemu za PS2 zinaweza kutoa 480p, ambayo inaiondolea TV ile kazi ya kuunganisha mafungu mawili. Kwenye toleo la Marekani la God of War na God of War II chaguo hilo limo kwenye menyu. Gran Turismo 4 ya Marekani ina 480p na hata 1080i. Gemu nyingine za Marekani hukuuliza ukishikilia pembetatu na X kwa pamoja wakati inaanza kuwaka. Na kama PS2 yako inacheza kupitia programu ya Open PS2 Loader, ndani yake kuna sehemu iitwayo GSM inayolazimisha gemu itoke kwa 480p. Si gemu zote zinazokubali. Nyingine zinaganda, nyingine zinakata kichwa cha picha. Jaribu moja baada ya nyingine, na uandike zinazokubali.

Tatizo ni kwamba flat nyingi mpya zimeondolewa matundu ya komponenti, zimebaki na HDMI tu. Hapa tahadhari, maana Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi utaonyeshwa vitu viwili vinavyofanana bei na havifanani kazi kabisa.

Cha kwanza ni kisanduku kidogo chenye matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe upande mmoja, na HDMI upande wa pili, kikijisifu kwamba kinatoa 1080p. Kinachoingia bado ni ule waya wa njano. Uchafu uleule unakuzwa na kupelekwa kwenye HDMI. Usikinunue isipokuwa TV yako haina kabisa mahali pa kuchomeka waya wa zamani.

Cha pili ni adapta inayochomekwa moja kwa moja mgongoni mwa PS2, ikachukua rangi zikiwa bado zimetengana. Hii ndiyo ya kununua. Mara nyingi ina kiwaya cha USB cha kuipa umeme na tundu dogo la spika. Ukiichomeka na kuona rangi za ajabu, rudi kwenye "Component Video Out" ubadilishe chaguo. Jua tu kwamba adapta hizi za bei nafuu hazikuzi picha wala haziunganishi mafungu. Zinaipokea 480i na kuikabidhi TV ilivyo. Kwa gemu uliyoiweka kwenye 480p zinapendeza kweli.

Kwa mwenye uwezo, kuna vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa mashine za zamani, kama OSSC na familia ya RetroTINK. Hivi huipokea picha, huiongeza mistari kwa hesabu sahihi, na kuipeleka kwa TV ikiwa "p" bila ucheleweshaji wa kuhisika. Kwa PS1 na Mega Drive tofauti ni ya mbingu na ardhi. TV za kawaida huidhani 240p ni 480i, huanza kuunganisha mafungu ambayo hayapo, na vitu vinavyopepesa, kama kivuli cha mchezaji au mhusika aliyepigwa, vinaweza kutoweka kabisa. Bei yake ni kubwa na lazima uagize nje, hivyo sikushauri uanze nazo.

Kama una PS3, kuna njia ya mkato kwa diski za PS1: PS3 zote huzicheza na kuzitoa kwa HDMI. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, uwashe "PS/PS2 Upscaler" kwenye "Normal" ili picha isivutwe upana.

Na kama bado una TV ya chogo inayofanya kazi, usimpe muuza vyuma chakavu. Gemu za PS1 na PS2 zilichorwa na watu waliokuwa wakizitazama kwenye TV kama hiyo, na yale mafifio ya kioo chake yalikuwa sehemu ya mchoro. Zile gemu za kufyatua kwa bastola ya plastiki hazifanyi kazi mahali pengine popote.

Hatua ya 4: Waya wa HDMI

Hapa nitapita haraka, maana pana uongo mwingi wa kibiashara. HDMI hubeba namba, haibebi rangi. Ama picha inafika nzima, ama inakatika, inatoa chembe nyeupe za kumetameta, au haifiki. Waya wa dhahabu haukupi nyekundu iliyoiva zaidi. Kwa PS3, Xbox 360, PS4 ya kawaida na Switch, waya wowote mzima unatosha. Kwa 4K yenye fremu 60 kwa sekunde na HDR (picha yenye tofauti pana zaidi kati ya mwanga na giza) unahitaji unaobeba gigabiti 18 kwa sekunde. Kwa PS5 na Series X zikienda fremu 120, tumia ule uliokuja kwenye boksi. Ukipotea, tafuta ulioandikwa "Ultra High Speed". Usizidishe mita tatu kama hulazimiki.

Tundu nalo lina maana. Kwenye TV nyingi zinazokubali fremu 120, ni tundu moja au mawili tu yenye uwezo huo, na limeandikwa pembeni yake. Chomeka hapo.

Xbox 360 za mwanzo hazikuwa na HDMI kabisa, ilianza kuwekwa mwaka 2007. Kama yako ni ya kabla ya hapo, itafutie waya wake wa komponenti.

Hatua ya 5: Izuie TV isiichezee picha

Hii ndiyo hatua iliyomaliza kesi ya Mbagala. Fanya yote kwenye tundu lile lile ambalo mashine imechomekwa, kwa sababu TV nyingi hukumbuka mipangilio ya kila tundu peke yake. Ukirekebisha HDMI 1 kisha ukahamishia PS4 kwenye HDMI 2, umerudi mwanzo.

Anza kwa kuangalia kama TV haiko kwenye hali ya dukani. TV iliyokuwa ya maonyesho mara nyingi huachwa hivyo: inang'aa kupita kiasi, na kila ukirekebisha, baada ya muda inajirudisha yenyewe. Tafuta kwenye mipangilio ya jumla neno "Store Mode" au "Retail Mode", ubadilishe kuwa "Home Mode".

Kisha washa "Game Mode". Ukifanya jambo moja tu kwenye mwongozo huu wote, fanya hili. Game Mode huiambia TV iache karibu kazi zote za kuchakata. Gemu ya fremu 60 inatoa fremu mpya kila milisekunde 16.7. TV ikikaa na picha milisekunde mia moja ili kuipamba, unacheza ukiwa nyuma kwa fremu sita. Kwenye soka hizo ndizo zinazomfanya kipa aruke mpira ukishaingia.

Unataka kupima? Chukua simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde. Rekodi kidole chako kwenye padi na kioo kwa pamoja, bonyeza, kisha hesabu fremu kati ya kubonyeza na kitu kusogea. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Pima Game Mode ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Sehemu ya ucheleweshaji ni ya gemu yenyewe na haitaondoka, lakini tofauti ya vipimo viwili ni ya TV. Rafiki yangu alipoiona kwa macho yake aliacha kuzilaumu padi.

Zima kinacholainisha mwendo. Samsung hukiita "Auto Motion Plus" au "Picture Clarity", LG "TruMotion", Sony "Motionflow". Hiki ndicho kinachotunga fremu za uongo katikati ya fremu za kweli, na kinahitaji kusubiri ili kitunge. Zima na vya kupunguza chembe, vyenye neno "Noise Reduction", pamoja na vya kubadilisha mwanga vyenyewe kama "Dynamic Contrast" na "Eco".

Halafu kuna kukatwa kingo. Kama saa ya mechi au ramani ya pembeni imekatwa nusu, TV inaivuta picha kupita kioo, tabia iliyorithiwa kutoka enzi za chogo. Tafuta "Just Scan" kwenye LG, "Screen Fit" au "Fit to Screen" kwenye Samsung, "Full Pixel" kwenye Sony, au kokote palipo na neno "Overscan" ulizime. Faida haiishii kwenye kingo. Picha isiyovutwa hukaa pikseli kwa pikseli, na maandishi yote yanakaza ghafla. Usikimbilie kupunguza picha kwa "Display Area Settings" ya PS4, maana hapo utakuwa unaifinya kwenye mashine ili TV iivute tena. Rekebisha TV kwanza.

Mwisho, ukali, yaani "Sharpness". Wengi huupandisha wakidhani wanaongeza HD. Unachoongeza ni mstari mweupe kuzunguka kila mchezaji. Shusha hadi mstari huo upotee. Kwenye Samsung na LG hiyo ni sifuri au karibu na hapo. Kwenye Sony sehemu isiyoongeza wala kupunguza ni 50, kwa hiyo usiishushe hadi sifuri, utapata ukungu.

Kwa PS2 na PS1 weka umbo la 4:3 kama gemu haina chaguo la 16:9 ndani ya menyu yake. Pau nyeusi pembeni si kasoro. Wachezaji walionenepa ndiyo kasoro. Kubadilisha "Screen Size" kwenye menyu ya PS2 peke yake hakusaidii gemu nyingi, kila gemu ina mpangilio wake.

Hatua ya 6: Mipangilio ya mashine yenyewe

Kwenye PS3 ingia "Display Settings", kisha "Video Output Settings", chagua HDMI, halafu njia ya kuchagua mwenyewe badala ya kuiachia mashine. Weka alama kwenye kila ukubwa ambao TV inaukubali, usiweke 1080p peke yake. PS3 kwa kawaida haikuzi gemu. Gemu ya 720p inatoka kwa 720p, na ukiiondolea 720p kwenye orodha, gemu nyingi zitashuka hadi 480p. Nimekuta PS3 kadhaa zimeteswa miaka mizima kwa kosa hili.

Xbox 360 ni kinyume chake. Ina kikuzaji kizuri ndani, hivyo ipe ukubwa wa kioo chako na uiache ifanye kazi.

Kwenye PS4 na PS5 kujichagulia kwa mashine kwa kawaida ni sahihi. Kama kioo chako ni 1366 kwa 768, jaribu 720p na 1080p kwa zamu huku ukitazama maandishi madogo ya menyu, ubaki na inayosomeka vizuri. Kwenye Wii yenye waya wa komponenti, badilisha ukubwa kuwa 480p kwenye mipangilio ya kioo, maana haibadiliki yenyewe.

Ukikosea na kioo kikabaki cheusi, usiite fundi. PS3: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, itarudi kwenye picha ya msingi. PS4 na PS5: shikilia kama sekunde 7 hadi mlio wa pili, unga padi kwa waya wa USB, uchague sehemu ya kubadilisha ukubwa wa picha. Xbox 360: iwashe huku umeshikilia Y na kifyatuo cha kulia.

Hatua ya 7: Weusi na weupe

Kuna mpangilio mmoja unaoharibu picha kimyakimya, nao ni "RGB Range". Mashine inaweza kuhesabu mwanga kutoka 0 hadi 255, au kutoka 16 hadi 235. Zote mbili ni sahihi, mradi mashine na TV zikubaliane. Mashine ikituma upana wote na TV ikasubiri ule mdogo, vivuli vinazama na adui aliyejificha gizani haonekani. Ikiwa kinyume, weusi wote unageuka kijivu, kana kwamba kuna vumbi kwenye kioo. Kwenye PS4 na PS5 iache "Automatic". Picha ikiwa na dalili moja kati ya hizo, weka "Limited" pande zote mbili. Kwenye TV jina lake huwa "HDMI Black Level" au "HDMI Range".

Baada ya hapo fungua gemu kwenye sehemu yenye giza. Pandisha "Brightness" hadi uanze kuona maumbo ndani ya kivuli, kisha simama. Nenda kwenye sehemu ya theluji, mawingu au jezi nyeupe, ushushe "Contrast" hadi mikunjo ya kitambaa ionekane. Fanya kazi hii kwenye mwanga ule unaochezea. Chumba chenye dirisha nyuma yako hakiwezi kurekebishwa na menyu yoyote, weka pazia.

HDR, kwa wenye 4K. PS4 zote zilipewa HDR kwa sasisho la mwaka 2016. TV inaweza kuwa nayo na bado ikawa imefungwa kwenye tundu hilo. Fungua "HDMI Ultra HD Deep Colour" kwenye LG, "HDMI UHD Color" au "Input Signal Plus" kwenye Samsung, na kwenye Sony uweke "HDMI signal format" iwe "Enhanced". Kama TV ina "HGiG", yaani hali inayoiachia mashine kazi ya kupanga mwanga wa HDR, iwashe kwanza, ndipo uende kwenye PS5 sehemu ya "Adjust HDR" na ufuate alama inayokaribia kupotea. Weka HDR iwe "On When Supported" ili gemu zisizo nayo zisilazimishwe. Nami nasema wazi: 4K nyingi za bei nafuu hazina mwanga wa kutosha kuibeba HDR. Ikiwashwa, picha inafifia. Kama yako ni hivyo, izime na ucheze kwa raha.

Hatua ya 8: Umeme na tundu la HDMI

Mistari myembamba inayopanda taratibu kwenye kioo, hasa kwa nyaya za analogi, mara nyingi haitoki kwenye mashine. Chomoa waya wa dishi au antena nyuma ya TV. Mistari ikipotea, umempata mhalifu: umeme unazunguka kati ya vifaa vilivyochomekwa sehemu tofauti. Weka TV, king'amuzi na mashine kwenye ekstensheni moja yenye nguzo ya ardhi inayofanya kazi kweli, na nyuma yake stabilaiza kama umeme wa mtaa wenu unapanda na kushuka.

Usichomeke wala kuchomoa HDMI huku mashine na TV zikiwa na umeme. Mahali ambapo ardhi ya nyumba haipo, cheche ndogo kati ya vifaa viwili inaweza kuunguza chipu ya HDMI, na PS4 nyingi hufika kwa mafundi kwa sababu hiyo. Ichomeke ikiwa imenyooka, usiipinde kwa kuisukuma mashine ukutani. Kwenye banda la gemu ambako kila siku kuna mkono unaogusa, funga waya kwenye mguu wa meza ukiacha kitanzi kidogo karibu na mashine. Mtoto akiukwaa, kitavutika kitanzi, tundu litabaki zima.

Ukishamaliza kila kitu, piga picha za kurasa zote za mipangilio ya TV kwa simu yako. Siku TV ikijirudisha ilivyotoka kiwandani, utahitaji dakika tano tu.